Nimebadilisha bakuli za shingo ya baiskeli mara 3, usukani bado unaganda

Muuza Maziwa, Musoma

Wakuu, naombeni msaada. Baiskeli yangu ni ile kubwa ya tairi 28, nabebea maziwa, madumu mawili ya lita 20 kwenye keria. Tangu Februari nimebadilisha bakuli za shingo mara 3, vile vikombe vya chuma juu na chini ya shingo ya fremu ambamo gololi za usukani huzunguka. Fundi ni yuleyule wa hapa mtaani, anazigonga kwa nyundo mpaka zinaingia. Wiki ya kwanza safi, halafu usukani unaanza kuganda katikati, kama kuna vishimo gololi zinadumbukia. Juzi kwenye mteremko nilitaka kumkwepa mbuzi, usukani ukang'ang'ania kunyooka. Dumu moja lote likamwagika.

Jana nimefungua mwenyewe. Bakuli ya chini ina alama za gololi mbele na nyuma, na imekaa upande: pembeni kuna upenyo ukucha unaingia. Nimeshanunua seti nyingine, lakini hii sitaki igongwe. Vifaa vinavyotakiwa hasa ni vipi, na nitavipata wapi?

Fundi Mstaafu, Tabora

Pole sana kwa maziwa, mkuu. Jibu umeshaliona, ni huo upenyo wa ukucha. Bakuli ikilala, gololi hazigawani mzigo. Chache ndizo zinazobeba, na hizo ndizo zinazochimba.

Kabla ya kuingiza chochote, pima. Azima kalipa, kile kifaa cha kupimia unene kwa milimita, kwa fundi wa mashine. Shingo za inchi 1 zina vipimo ambavyo kwa macho huwezi kuvitofautisha: pete inayokaa chini kwenye foki (ule uma unaoshika tairi la mbele) ni ya milimita 26.4 au 27.0, na bakuli ni 30.2 au 30.0. Dukani watakwambia "inaingia, chukua tu". Na kama fremu ni Raleigh ya zamani ya Nottingham, Uingereza, angalia thredi pia. Ile ina 26 kwa inchi, nyingi nyingine zina 24. Ukilazimisha nati umeua foki.

Kutoa bakuli, usichokonoe na bisibisi. Tafuta bomba la chuma la sentimita 40, pasua ncha moja kwa msumeno kama msalaba, panua ile miguu kidogo. Ukilipitisha ndani ya shingo, miguu inatanuka nyuma ya ukingo wa bakuli. Hapo nyundo ruksa.

Kuingiza ndiyo kazi yenyewe. Nunua duka la vifaa vya ujenzi kile chuma kirefu chenye thredi mwanzo mwisho, unene wa milimita 12, nati 2 na washa 2 nene, pana kuliko bakuli. Kipitishe ndani ya shingo, washa na nati kila ncha, uingize bakuli moja moja. Washa ikalie ukingo, isiguse njia ya gololi. Paka grisi kidogo, kaza robo mzunguko, kisha tazama pande zote nne. Ikianza kulala, legeza, inyooshe kwa kiganja, anza upya. Usione aibu kuanza upya hata mara tano. Ikifika mwisho utaijua kwa mkono: spana ilikuwa inakwenda, ghafla inagoma, na ukimulika tochi hakuna mwanga unaopita kati ya bakuli na fremu. Acha hapo hapo.

Gololi weka mpya zote. Jaza duara, kisha toa moja ili zipate kupumua.

Kijana wa Spoku

Mimi natumia ubao na nyundo miaka yote na hazijawahi kulala. Ni mkono tu.

Fundi Mstaafu, Tabora

Mkono wako nauheshimu, kaka. Ila huyu anabeba kilo 40 kila asubuhi, na fremu yake imeshagongwa mara 3. Tundu la shingo likishakuwa kama yai, hata mkono wako hautalirudisha.

Muuza Maziwa, Musoma

Mrejesho, wakuu. Kalipa imesoma 26.4 kwenye foki, na pete niliyonunua ni ya 27.0! Ndipo nikaelewa kwa nini fundi alikuwa anazungushia kipande cha bati la kopo pale chini. Dukani wamenibadilishia. Tundu la fremu bado ni duara, namshukuru Mungu. Bakuli ya chini nilianza upya mara mbili, ya tatu ikakaa, tochi haipitishi kitu.

Nikiinua mbele na kuinamisha baiskeli, tairi linaanguka lenyewe kushoto na kulia bila kuganda. Nikibana breki ya mbele na kusukuma, hakuna mchezo. Leo siku ya 9. Ila nati ya juu jana niliikuta imelegea kidogo, je, nimekosea?

Fundi Mstaafu, Tabora

Hujakosea, bakuli mpya zinajikalisha. Shika koni, ile ya chini ya nati ya juu inayobana gololi, kwa spana moja, kaza nati ya juu kwa nyingine, vinginevyo koni itazunguka nayo na usukani utakuwa mzito. Rudia kuangalia wiki ijayo, halafu kila mwezi.

Muuza Maziwa, Musoma

Spana ya pili ninayo. Nakaza leo jioni nikitoka kukusanya maziwa.