Kubadilisha mofini kwa maumivu ya saratani: oksikodoni, plasta ya fentanili au methadoni?

Binti Mlezi

Ndugu wanachama, salaam. Ninamuuguza mama yangu, ambaye saratani yake imekwisha kuingia kwenye mifupa. Kwa miezi mitano sasa anatumia vidonge vya mofini vinavyotoa dawa polepole, miligramu 60 asubuhi na miligramu 60 jioni, pamoja na mofini ya maji kwa maumivu yanayozuka katikati. Maumivu yametulia, lakini tangu juzi analala mchana kutwa, mikono yake inarukaruka akiwa usingizini, na jana alinieleza bila wasiwasi wowote kwamba kuna watoto wameketi juu ya kabati. Daktari aliwahi kutaja oksikodoni, plasta ya fentanili na methadoni kama dawa mbadala, na miadi yetu ni wiki ijayo. Naomba wenye ujuzi mnieleze ni ipi kati ya hizo tatu yenye nguvu zaidi, na ni ipi yenye madhara machache.

Mfamasia

Pole kwa kuuguza, dada. Kwanza kabisa, usingoje wiki ijayo. Mpigie daktari leo umweleze hayo matatu uliyoyaandika, yaani usingizi, misuli kurukaruka na kuona vitu visivyokuwapo. Ukiona mama haamki kwa urahisi au anapumua polepole kuliko kawaida, mpeleke hospitali wakati huohuo.

Swali la nguvu ndilo ambalo karibu kila mtu huanza nalo, na ndilo linalopotosha zaidi. Fentanili hupimwa kwa maikrogramu kwa sababu kiasi chake kidogo hufanya kazi kubwa, lakini ukishalinganisha dozi, nguvu hiyo pekee haimpi mgonjwa nafuu kubwa kuliko ile ya mofini. Tofauti zenye maana ziko katika jinsi dawa inavyoingia mwilini, jinsi inavyovunjwa na jinsi inavyotoka mwilini.

Mofini huvunjwa na ini, kisha mabaki yake hutolewa na figo. Figo zikidhoofu, au mgonjwa akipungukiwa maji kwa sababu hali wala hanywi vizuri, mabaki hayo hujikusanya na kuleta dalili zilezile ulizozieleza, hata kama dozi haijaongezwa kwa miezi mingi. Kwa hiyo ningeuliza kwanza kipimo cha kriatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, kilifanywa lini mara ya mwisho. Ningeuliza pia kuhusu kalsiamu, kwa kuwa inaweza kupanda katika damu ya mgonjwa mwenye saratani na kuleta usingizi na kuchanganyikiwa, na kuhusu maambukizi, dawa mpya za usingizi, au vidonge vya jamii ya diklofenaki ambavyo huumiza figo. Wakati mwingine chanzo kikitibiwa na dozi ya mofini ikipunguzwa, haja ya kubadilisha dawa huondoka.

Ikibainika kuwa ni figo, oksikodoni haitakuwa suluhisho kubwa sana, kwa sababu nayo hutegemea figo kwa kiasi fulani. Huwafaa zaidi wale ambao figo zao ni nzima lakini mofini inawaletea kichefuchefu au kuweweseka. Fentanili na methadoni hutegemea figo kwa kiasi kidogo zaidi. Iko pia buprenofini, ambayo daktari wenu hakuitaja. Nayo inaweza kutolewa kwa plasta na haina shida kubwa na figo.

Mlezi wa Baba

Mimi ninatoa ushuhuda wa plasta. Baba yangu hakuweza kumeza chochote kwa sababu ya uvimbe kooni, na plasta ya fentanili ilitupumzisha sote: inabandikwa mara moja kwa saa 72, hakuna kuamshana usiku, na choo chake kilianza kupatikana kwa urahisi kuliko wakati wa mofini. Kama ningekuwa wewe ningeiomba plasta moja kwa moja bila kupoteza muda.

Muuguzi wa Tiba Shufaa

Ninakubaliana na Mlezi wa Baba kuhusu mgonjwa asiyeweza kumeza, na kuhusu choo pia, ingawa dawa ya kulainisha choo bado huhitajika. Ninatofautiana naye kuhusu kuiomba moja kwa moja. Plasta humfaa mgonjwa ambaye maumivu yake yametulia na dozi yake inajulikana. Ikibandikwa leo, huchukua saa 12 hadi 24 kabla ya kufanya kazi ipasavyo, na ikibanduliwa, dawa iliyokwisha kuingia katika ngozi huendelea kutoka kwa muda unaozidi saa 17. Maumivu yakiwa yanapanda na kushuka kila siku, utakuwa unayafukuza kwa chombo kisichoweza kugeuka haraka, na mgonjwa akizidiwa na dawa, kubandua plasta hakutamwokoa papo hapo.

Hesabu nayo isiachiwe familia. Kwa kawaida plasta ya maikrogramu 25 kwa saa hulinganishwa na takriban miligramu 60 za mofini ya kumeza kwa siku, jambo linalowashangaza watu wanaoiona namba 25 na kudhani ni dozi ya mtoto. Mtu ambaye hajazoea dawa za jamii hii akibandikwa plasta hiyo anaweza kuacha kupumua. Homa, maji ya moto na chupa ya moto vikikaa juu ya plasta huiharakisha dawa kuingia, kwa hiyo mgonjwa akipata homa mtaarifuni daktari. Plasta iliyotumika bado ina dawa nyingi ndani yake. Ikunjwe katikati ili gundi ikutane na gundi, kisha iwekwe mbali kabisa na watoto.

Mgonjwa Mwenyewe

Ninatumia methadoni kwa mwaka wa pili sasa, kwa saratani iliyobana neva za mguu. Mofini ilikuwa imepandishwa mara nne na maumivu ya kuungua hayakupungua, na kuna siku nilihisi hata shuka likinigusa linaniumiza. Daktari alinieleza kwamba dozi kubwa za mofini wakati mwingine hugeuka na kuufanya mwili uhisi maumivu zaidi, na kwamba methadoni ina njia ya pili ya kufanya kazi katika neva, ambayo mofini haina. Kwangu imefaa sana, lakini singependa mtu aanzishiwe methadoni nyumbani na daktari asiyeizoea. Nililazwa siku tisa. Dawa hii hukaa mwilini kwa muda unaotofautiana mno, kutoka saa 8 kwa mtu mmoja hadi zaidi ya saa 50 kwa mwingine, hivyo dozi inayoonekana ndogo siku ya kwanza inaweza kukulemea siku ya tano. Nilipimwa umeme wa moyo kabla ya kuanza na baada ya hapo, kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo.

Mwanachama Mpya

Samahani kwa kuingilia. Nimejaribu vikokotoo viwili vya mtandaoni kwa mfano wa mama yake dada, miligramu 120 za mofini kwa siku. Kimoja kimenipa oksikodoni miligramu 80, kingine 60. Kipi ni sahihi?

Mfamasia

Vyote viwili vinaweza kuwa sahihi. Uwiano unaotumika sana ni miligramu 30 za mofini ya kumeza kwa 20 za oksikodoni, na huo ndio unaotoa 80. Wapo wanaotumia uwiano wa mbili kwa moja, na huo hutoa 60. Lakini jambo ambalo vikokotoo vingi havilisemi kwa sauti ni kwamba jibu lake si dozi ya kumpa mgonjwa. Mwili uliozoea mofini haujaizoea dawa mpya kwa kiwango kilekile, kwa hiyo daktari hupunguza jibu hilo kwa asilimia 25 hadi 50, hasa kwa mzee, kwa mwenye figo dhaifu, au pale dawa inapobadilishwa kwa sababu ya madhara na maumivu yenyewe yametulia. Pengo linalobaki hujazwa na dozi za nyongeza, kila moja ikiwa takriban asilimia 10 hadi 15 ya dozi ya siku nzima. Methadoni haifuati uwiano mmoja hata kidogo: kadiri mofini ilivyokuwa nyingi, ndivyo methadoni inavyohitajika kidogo zaidi kwa kulinganisha. Hapo jedwali lolote lifungwe.

Niongeze tu kwamba miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2018 haikupendekeza wala kukataza kubadilisha dawa hizi, kwa kuwa tafiti za kutosha hazikupatikana. Ilisema tu kwamba daktari anaweza kujaribu kwa mgonjwa asiyepata nafuu au anayesumbuliwa na madhara.

Binti Mlezi

Ninawashukuru nyote. Nilipiga simu siku ileile, na mama akalazwa. Kriatinini ilikuwa imepanda; siku nne za kutapika ambazo mimi nilizichukulia kuwa jambo dogo zilimkausha maji. Alipewa maji ya mshipa, na kwa kuwa maumivu yake yalikuwa yametulia, daktari alichagua plasta ya fentanili ya maikrogramu 25. Nilipomuuliza mbona si 50, kwa kuwa 120 ni mara mbili ya 60, alinijibu karibu neno kwa neno kama alivyoandika Mfamasia. Plasta ilibandikwa pamoja na kidonge cha mwisho cha mofini, ili kidonge kimlinde kwa saa 12 za mwanzo. Siku ya tatu mikono ilitulia, na wale watoto wa kwenye kabati wameondoka. Jana alihitaji dozi za nyongeza mara tatu. Je, hiyo ni dalili kwamba plasta haitoshi?

Muuguzi wa Tiba Shufaa

Kwa siku moja, bado si dalili. Andika kila dozi ya nyongeza na saa yake, pamoja na alichokuwa akifanya mama maumivu yalipoanza. Zikiwa tatu au zaidi kwa siku mbili mfululizo, peleka daftari hilo kwa daktari kabla hamjabandika plasta inayofuata, kwa sababu hapo ndipo dozi hupandishwa. Zikitokea tu wakati wa kumgeuza au kumwogesha, mpe dozi ya nyongeza mapema kabla ya kuanza, kwa muda ambao daktari atakuelekeza, na plasta iachwe ilivyo.