Naomba ushauri: leseni ya fonti ndani ya EPUB

Habari zenu ndugu wanachama,

Naandaa kitabu kitakachotoka kwa PDF ya mchapaji na EPUB (faili la kitabu cha kielektroniki) ya kuuza. Vichwa vya sura vina fonti yenye Leseni Huria ya SIL. Hiyo hainipi shida, inaruhusu waziwazi kupachikwa kwenye hati. Kinachonikwamisha ni fonti ya maandishi ya ndani, niliyoinunua kwa leseni ya kuitumia kwenye kompyuta.

Nimeangalia kipengele chake cha fsType, yaani namba iliyo ndani ya faili la fonti inayoonyesha ruhusa ya kuipachika, kinasoma 4: hati ionyeshwe na kuchapishwa tu, isihaririwe. PDF imekubali. Kwenye sifa za hati jina la fonti limetanguliwa na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha, maana yake zimeingia zile herufi zilizotumika tu. Lakini EPUB ni kifurushi cha zip, na yeyote akikifungua anaikuta fonti nzima. Mkataba unataja PDF, vitabu vya kielektroniki hauvigusi. Muuzaji nimemwandikia, bado kimya. Sitaki kabisa kumdhulumu aliyeichora, ni jasho lake.

Naomba kuuliza:

Je, ule utaratibu wa EPUB wa kuvuruga baiti 1040 za mwanzo za fonti unatosha mbele ya leseni, au lazima ninunue leseni ya vitabu vya kielektroniki?

Na kama ni bora kuiacha, ni fonti gani huria mmeitumia kwa maandishi marefu ikasomeka vizuri kwenye skrini ndogo?

Natanguliza shukrani.