Mjadala: Gari la kibinafsi lilipe kuingia kisiwani?

Waungwana, kuna mwenzetu aliyeandika hapa kwamba mwenye gari lake hafai kutozwa chochote kuingia kisiwani Mombasa, maana ushuru wa barabara keshaulipa kwenye mafuta. Simkubali. Ushuru huo, shilingi 25 kwa lita, matatu nayo huulipa. Tena ni ule ule, uwe Kinango kwenye barabara tupu au daraja la Nyali la kuingia kisiwani saa moja asubuhi, kila gari mtu mmoja.

Na kulipa ili uvuke si jambo geni kwetu. Feri ya Likoni, anayekwenda kwa miguu huvuka bure, mwenye gari hulipa. Kwa nini wa Likoni atoe na wa Nyali apite hivi hivi?

Mtasema matatu ni karaha: mvua ikinyesha nauli inapanda, utingo hana adabu, gari haliondoki hadi lijae. Kweli kabisa. Lakini angalieni chanzo. Dereva ana hesabu, yaani kiasi maalumu cha kumpelekea tajiri mwenye gari kila jioni, na hesabu haipungui kwa sababu ya foleni. Akikwama asubuhi kutoka Kongowea hadi Buxton, tripu zimekufa. Atazifidia kwa nani kama si kwako abiria? Nawe ukichoka unachukua mkopo, unanunua kigari, foleni inazidi, na nauli ya jirani uliyemwacha kituoni inapanda tena. Hili linaniuma, kwa kuwa anayeumia ni yule asiyeweza kukopa.

Stockholm walitanguliza mabasi: waliongeza njia mpya 2005, ndipo Januari 2006 wakaanza kutoza magari. Yanayoingia katikati ya mji yakapungua kwa kama asilimia 20, na mwaka huo huo wakazi wakapiga kura kukubali. London walianza 2003, na sheria ikazifunga pesa hizo kwa usafiri tu. Sisi tusipozifunga, zitaliwa.

Kwa hivyo nasema kwanza matatu zipewe njia yao wenyewe darajani na vituo maalumu, tozo ifuate. Kinyume chake ni kuwakamua watu bure.

Kuhusu tuktuk bado napima. Zinabeba watu, ila nyingi huzunguka Barabara ya Digo tupu zikitafuta abiria. Naelekea kwenye nusu ya tozo. Wenye tuktuk, nanyi mnaovuka kila siku kutoka Kisauni na Bamburi, mnaonaje?