C: faili zaidi ya moja, ni-include .c yenyewe au niandike heda?

Dagaa_Mkavu: Wakuu habari za jioni. Nina programu ya C ya hesabu za samaki, faili moja imefika mistari 1,400 nimechoka kupanda na kushuka. Nataka fankisheni za bei zikae pembeni. Nifanye #include "bei.c" yaishe, niandike heda bei.h yenye matamko tu, au nitengeneze maktaba kabisa ya .a, ya fankisheni zilizokwisha kompailiwa? J3 nakabidhi kwa mteja pale mwaloni Kirumba. Nimejaribu imegoma.

Jiwe_Ziwani: Imegoma vipi mkuu, hapa hatupigi ramli. Kompaila gani? Erro inasemaje? Faili ngapi?

Dagaa_Mkavu: Mbili. Code::Blocks, Windows. Inasema multiple definition of bei_sangara

Jiwe_Ziwani: Basi ni hiyo include yako. Inabandika bei.c yote ndani ya main.c, halafu Code::Blocks inaikompaili tena bei.c kivyake kwa kuwa iko kwenye projekti. Linka, yule anayeunganisha faili zilizokompailiwa, anakuta bei_sangara wawili. Andika bei.h, ndani weka tamko tu, yaani jina na aina bila kazi yenyewe: double bei_sangara(double kilo); Zungushia #ifndef isisomwe mara mbili, i-include main.c na bei.c yenyewe pia, ukikosea kompaila ikudake.

Kuli_Igombe: Mi nai-include .c tangu chuo, naitoa tu kwenye projekti na inapiga kazi. Heda kwa faili mbili ni urembo

Binti_Nyegezi: Urembo? Nikiwa fild nilimwandikia baba mmoja mnunuzi wa sangara, fankisheni ya jumla iko faili nyingine inarudisha double, namba ya desimali, tamko sikuweka nikasema kompaila itajijua. Ilikuwa kompaila ya zamani, ikatoa onyo moja nikalipuuza, kumbe imedhani inarudisha int, namba nzima. Alfajiri mitumbwi imeingia, mzani unasoma kilo 38, skrini inaandika jumla sh 1. Kilo 52, sh 1. Baba wa watu akanigeuzia laptopu taratibu, "binti, ndo niwalipe wavuvi hii?" Wavuvi walicheka mpaka wakakaa juu ya kreti. Nikapiga kalkuleta na daftari hadi saa nne, jua kali, mikono inanuka shombo. Mstari mmoja tu wa tamko!!

Jiwe_Ziwani: Na C99, kiwango cha lugha ya C, ilishaifuta tabia hiyo ya kudhani int tangu 1999, ila kompaila ya GCC ikaendelea kutoa onyo tu mpaka GCC 14 ya 2024 ndo ikawa erro.

Babu_Terminali: Tatizo ni Windows. Weka Linux, gcc main.c bei.c -o mizani, kwisha. Baadaye unaandika Makefile, faili la maagizo ya kukompaili.

Kuli_Igombe: Makefile ile inayogoma kisa umeweka nafasi badala ya tabu? Ilishanikesha hadi saa tisa usiku

Babu_Terminali: Stuart Feldman wa Bell Labs aliandika make, programu inayoisoma, 1976, mlaumu yeye 😂

Dagaa_Mkavu: Na .a je?

Binti_Nyegezi: Faili mbili maktaba ya nini mdogo wangu? Ngoja uwe na programu tatu zinazotumia bei.c ile ile. Siku hiyo -lbei, inayoita maktaba hiyo, iweke mwisho baada ya main.c, ukiitanguliza linka anaipita.

Kuli_Igombe: Huyo mteja wako ana sato? Wa Igombe wamepanda bei balaa

Dagaa_Mkavu: Ana sangara tu. Heda nimeweka, sasa inasema undefined reference to bei_sangara. bei.c niliitoa kwenye projekti kama Kuli alivyosema

Kuli_Igombe: Mi nilisema uitoe kama UNAI-INCLUDE!! Umeweka heda, irudishe

Dagaa_Mkavu: Sawa kaka. Umeme umekatika huku Buzuruga, laptopu ina asilimia 9