Naomba ushauri: sato wanaugua, nasita kuwapa dawa ya kuku
Ndugu wafugaji, habari zenu. Ninafuga sato katika bwawa la udongo huku Mabogini, Moshi, na tangu joto lipande baadhi yao wanazunguka majini kama pia, jicho limetokeza na kufunikwa na ukungu mweupe, huku wengine wakiwa na vidonda vyekundu chini ya mapezi. Nashuku bakteria aina ya Streptococcus, au Aeromonas kwa wale wenye vidonda, ingawa kwa macho tu huwezi kuapa.

Muuza dawa za mifugo ananishauri nichanganye oksitetrasaiklini, dawa ya kupambana na bakteria, kwenye chakula. Ninasita, kwa sababu kuku wa mayai ambao banda lao liko juu ya bwawa hupewa dawa hiyohiyo, na kinyesi chao huangukia majini pamoja na mabaki yake, hivyo huenda bakteria wa humo wameshakuwa sugu, yaani dawa hiyo haiwadhuru tena. Isitoshe, samaki aliyezidiwa na ugonjwa hagusi chakula. Dawa itaishia kwa wazima.

Naomba kufahamishwa: nipeleke maabara samaki wa hali gani, na niwasafirishe vipi, ili kipimo cha usugu kifanyike kwanza? Je, kupunguza msongamano na kubadilisha maji kumewahi kumsaidia yeyote? Na waliopewa dawa wakae muda gani kabla ya kuuzwa?