Dubai ya zamani: tukusanye stempu za India, za Uingereza au za 1961?

Kijana_wa_Mtoni
Wakuu, salaam. Nataka kukusanya stempu za mahali pamoja tu, na nimechagua Dubai ya kabla ya kuundwa Falme za Kiarabu mwaka 1971. Naona njia tatu: posta ya India (1909 hadi 1947), posta ya Waingereza (kuanzia 1948), au stempu zilizotolewa kuanzia 1961. Mfuko wangu ni mdogo. Mngeanzia wapi?

Babu_Bahasha
Posta ya India, mjukuu wangu. Ilifunguliwa Dubai Agosti 1909, na stempu zilizouzwa pale zilikuwa zilezile za Bombay na Karachi. Kuwait ilichapiwa jina lake juu ya stempu za India mwaka 1923, Bahareni 1933. Dubai haikuchapiwa kabisa. Kwa hiyo stempu tupu haikuambii lolote. Kinachoifanya iwe ya Dubai ni muhuri wa posta uliogongwa juu yake. Ndiyo maana mimi hununua bahasha nzima, niione tarehe, niuone mji ilikokwenda. Hiyo ndiyo enzi ya lulu, na lulu ya Ghuba soko lake lilikuwa Bombay.

Sisi wa pwani mtandao huo tunaujua. Posta ya India ilikuwa Maskati tangu 1864 na ikafika Unguja baadaye kidogo. Mwaka 1895 stempu za India zikachapwa neno Zanzibar juu yake.

Mwana_Ghuba
Babu umesema kweli, ila bahasha hizo bei yake ni kubwa. Anayeanza atanunua moja kisha akae mwaka mzima.

Usiisahau miezi ya katikati: kuanzia Oktoba 1947 hadi Machi 1948 Dubai ilitumia stempu za Pakistan. Muda mfupi mno, na kuzipata ni shida. Aprili 1948 wakaingia Waingereza na stempu zao zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, zimechapwa juu thamani kwa fedha za India, yaani rupia na ana (sehemu ya rupia). Jina la mahali hakuna! Hizohizo ziliuzwa Maskati. Ukiletewa mpya, na gundi yake nyuma, ukaambiwa “hii ya Dubai,” usilipe nyongeza hata senti.

Bi_Salme
Kaka Kijana, kwa mfuko mdogo anza na seti ya tarehe 7 Januari 1961. Ni stempu 11 tu, unaweza kuimaliza. Zimeandikwa “Trucial States,” jina la Kiingereza la imarati hizo kabla ya 1971. Za paisa zina mitende saba, za rupia zina jahazi. Mitende saba ni imarati saba, lakini stempu zenyewe ziliuzwa Dubai peke yake! Hilo pekee linanifanya nizipende kuliko zote. Juni 1963 Dubai ikachukua posta yake, nazo zikaondolewa.

Seti ya kwanza yenye jina la Dubai, ya 1963, nayo ni nzuri: ina kaa, dome na makombe ya baharini. Baada ya hapo ningekuwa mwangalifu sana. Toleo lilifuata toleo: anga za juu, Olimpiki, Kennedy. Mwaka 1964 Ajman, Umm al-Quwain, Fujairah na Ras al-Khaimah nao wakaanza, na sehemu kubwa ililengwa kwa wakusanyaji wa nje, si kwa barua za wenyeji. Zile zenye muhuri msafi kwenye pembe na gundi bado iko nyuma ziligongwa kwa oda. Hazikupita kwenye mfuko wa tarishi yeyote.

Babu_Bahasha
Hapo nakuunga mkono, Bi Salme. Stempu isiyobeba barua mimi siiweki kwenye albamu.

Kijana_wa_Mtoni
Asanteni sana wakubwa zangu. Basi naanza na mitende na majahazi. Nikitaka bahasha moja iliyosafiri kweli, nitazame nini?

Mwana_Ghuba
Tarehe kwanza: iwe kati ya Januari 1961 na Juni 1963. Muhuri uanzie kwenye stempu uendelee hadi kwenye karatasi, bila kukatika. Kisha geuza, ukikuta muhuri wa mji ilikofikia, hiyo ni nyongeza nzuri. Bahasha za biashara zenye anwani ya kampuni zitafute kabla ya zile zilizopambwa za siku ya kwanza, yaani zilizogongwa muhuri siku stempu ilipotolewa kwa ajili ya wakusanyaji.