Noah, sabufa ya wati 1500, taa zinafifia: ninunue alteneta ya ampea ngapi?

Mdau_Noah

Wakuu habari zenu. Gari ni Toyota Noah yenye injini ya 1AZ-FSE. Kibandiko cha alteneta (mashine inayozalisha umeme wa gari) kinasomeka 12V 100A. Nimefunga amplifaya ya sabufa ya wati 1500 RMS, yaani nguvu ya mfululizo (aina ya class D) na nyingine ya milango, 4 x 75 RMS (aina ya class AB). Usiku nikiwa kwenye foleni, AC na taa zimewashwa, kila besi ikipiga taa zinafifia na kioo cha redio kinazima kisha kinawaka tena. Betri ni 60Ah, bado mpya. Dukani nimeambiwa niongeze kapasita ya farad 1 yaishe, fundi mwingine anasema ninunue alteneta ya 200A. Nifuate ushauri upi?

UmemeWaMagari

Mkuu, kapasita iache. Haizalishi umeme, inatunza tu. Farad 1 ikishuka kutoka volti 14.4 hadi 12.4 inatoa kulombu 2, yaani ampea 100 kwa sekunde 0.02. Besi moja tu ni ndefu kuliko hapo.

Tupige hesabu ya mzigo. Class D inageuza takriban asilimia 80 ya umeme kuwa muziki, kwa hiyo 1500 ÷ 0.8 ÷ volti 13.8 = ampea 136. Class AB iko kwenye asilimia 55 hivi: 300 ÷ 0.55 ÷ 13.8 = ampea 40. Hizo ni za kilele. Muziki hauko kileleni muda wote, chukua theluthi: karibu ampea 58. Gari lenyewe, yaani pampu ya mafuta, plagi na nozeli, taa kubwa, feni ya rejeta, AC na feni yake ya ndani, likiwa foleni usiku linakula 55 hadi 65. Jumla unahitaji kama ampea 120.

Sasa hiyo 100A ya kwenye kibandiko hupimwa alteneta ikizunguka 6,000 kwa dakika, tena kwenye hewa ya kawaida, si kwenye joto la chini ya boneti. Injini ikiwa kwenye sailensi (inawaka bila kukanyaga mafuta) ya mizunguko 700, na puli ya alteneta ikizunguka mara 2.5 ya puli ya krenki, yaani puli kuu ya injini, alteneta iko 1,750 tu. Hapo inatoa kama nusu. Ampea 70 zinazobaki zinatoka kwenye betri, na 60Ah itafika nusu ndani ya dakika 25 hivi.

Kwa hiyo ukienda kununua usiulize "hii ni ya ngapi?" Uliza: ikiwa ya moto, kwa mzunguko 1,800, inatoa ngapi? Mtengenezaji wa kweli ana grafu au karatasi ya vipimo. Kuna alteneta ya 220A inayotoa 80 kwenye sailensi na kuna ya 180A inayotoa 110. Kwa foleni zako hiyo ya 180 ndiyo bora. Zile ambazo koili zake zimesukwa kwa vipande vya shaba vya pembe nne vilivyopangwa na kuchomelewa, kama Denso za SC, hufanya vizuri kwenye mzunguko wa chini kuliko za waya wa duara.

Spea_Gerezani

Naongezea kwenye ununuzi, maana hapa watu wanapigwa sana. Nyingi zinazouzwa kama "200A" ni ya kawaida iliyopakwa rangi na kubandikwa kibandiko kipya. Nyingine zimesukwa upya kwa waya mnene wenye mizunguko michache, au koili zimehamishwa kutoka muunganisho wa nyota kwenda pembetatu (namna mbili za kuunganisha koili). Kwenye mzunguko wa juu ampea zinapanda kweli, ila alteneta inachelewa kuanza kuchaji: ya pembetatu inataka mwendo mara 1.73 ya ule wa mwanzo. Foleni inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa! Na kama dayodi (zinazogeuza umeme wa alteneta kuwa DC) ni zilezile za 100A, zitaungua.

Kabla hujalipa, ipelekwe kwenye mashine ya kupimia, wakubanie mita ya ampea ya DC kwenye waya mkuu, wakupe namba mbili: kwa 1,800 na kwa 6,000. Muuzaji akikataa, ondoka. Angalia pia soketi. Ya Toyota yenye pini tatu ni IG (swichi), S (kusoma volti za betri) na L (taa ya chaji). Yako ikiwa na pini ya nne, M (inayoipa kompyuta ya gari taarifa ya mzigo), tafuta inayolingana, usikate waya.

Mkanda_na_Puli

Msisahau mkanda. Ampea 200 kwa volti 14 ni wati 2,800, na alteneta hupoteza sana kwa joto, hivyo inaivuta injini karibu nguvu farasi 6. Kwenye 1AZ mkanda ni mmoja unaozungusha vyote, hadi pampu ya maji. Ukiteleza utasikia mlio besi inapopiga na utaona vumbi jeusi pembeni ya puli. Weka mkanda mpya na hakikisha springi ya kukaza haijachoka. Puli ndogo inaongeza mwendo, lakini mkanda unaikumbatia kidogo, unateleza zaidi. Usivuke punguzo la asilimia 10 hadi 15.

UmemeWaMagari

@Mdau_Noah kabla ya kutoa hela, pima. Injini kwenye sailensi, taa na AC zimewashwa, muziki juu. Soma volti kwenye betri, kisha kati ya B+ ya alteneta (bolti yake kuu ya kutolea umeme) na bodi ya alteneta. Halafu pima upotevu: B+ hadi chanya ya betri, na bodi ya alteneta hadi hasi ya betri. Kila upande usizidi volti 0.2.

Mdau_Noah

Nimepima. Betri 12.1. Alteneta yenyewe 12.9. Upande wa chanya 0.15, upande wa hasi 0.65.

UmemeWaMagari

Una matatizo mawili. 0.65 ni ethi (njia ya hasi) mbovu: waya wa kutoka injini kwenda bodi ya gari umeoza, au bolti yake imekaa juu ya rangi na kutu. Kwangua hadi chuma king'ae, weka waya wa shaba tupu wa mm² 50 kutoka bloku ya injini hadi bodi, na mwingine hasi ya betri hadi bodi. Ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba usiununue.

Lakini 12.9 kwenye alteneta yenyewe inaonyesha imefika mwisho wa uwezo wake, kwani regyuleta (kidhibiti volti) ingetaka 14 na kitu. Kwa hiyo mpya bado unaihitaji. Siku ya kuifunga, toa hasi ya betri kwanza. Ongeza waya wa mm² 50 kutoka B+ hadi chanya ya betri, na fyuzi ya 250A isiyozidi sentimita 45 kutoka betri. Waya wa kiwandani uache ulipo. Ukiutegemea peke yake, fyuzi ya alteneta (ALT) itakatika. Ukimaliza rudia vipimo vilevile: betri isishuke chini ya 13.2 muziki ukipiga.